Palipoandikwa Mahari

Rehema, wewe uliyekalia kiti changu, na makarani wenzako wa shule za Bunda, Butiama na Musoma, mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Haya, nimekaa. Vyeo sikuwa navyo vya kusimulia, na mshahara wangu kila mtu aliujua kwa kuangalia viatu vyangu. Nitaandika habari za mashine, za watu walionifundisha, na za neno moja nililolikosea. Nimechapa mamilioni ya maneno sahihi na hakuna hata moja ninalolikumbuka. Hilo la kukosea ndilo ninalojivunia.

Mimi ni mtu wa Bukima. Baba alikuwa anavua furu na ningu, mama analima mihogo, na nilipomaliza darasa la mwisho nikapelekwa Musoma mjini kwa shangazi yangu aliyekaa Iringo, nijifunze kupiga taipu. Aliyenifundisha ni Mzee Faustini, karani tangu enzi za mkoloni, mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kwenda kukata nywele. Alifunika vidole vyangu kwa kitambaa cha mezani ili nisione herufi, halafu akasoma gazeti kwa sauti huku akizunguka chumba. Nikisita kuuliza neno ni lipi, alinigonga begani kwa rula. "Karani hana masikio yake," alikuwa akisema. "Andika unachosikia. Kufikiri kuna watu wengine wanalipwa kwa kazi hiyo." Nililia wiki mbili, kisha vidole vikakubali.

Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya nilipopangiwa shule yetu ya sekondari, huku bara kati ya Bunda na Butiama. Nilifika na sanduku la bati kichwani, nikaonyeshwa ofisi. Ilikuwa nusu ofisi, nusu stoo. Majembe yamelala chini ya meza yangu, magunia ya mbegu za pamba yameegemea kabati la mafaili, na katikati ya magunia, imefunikwa kwa khanga iliyochakaa, ndiyo mashine ya kudurufu. Hiyo ndiyo iliyokuwa fotokopi yetu. Unavisha stensili kwenye pipa lake, unatia wino, unazungusha mkono, na karatasi zinatoka moja moja. Ukizungusha kwa hasira inatafuna karatasi. Nilijifunza kuwa mpole kwa sababu yake.

Stensili yenyewe ni karatasi laini yenye nta. Kuichapa unauondoa utepe wa taipureta, ili herufi zikate nta kavukavu. Maana yake ni kwamba huoni vizuri ulichoandika mpaka uitoe na kuiinua dirishani. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, ya rangi ya waridi, inayonuka mpaka kichwa kinauma, unasubiri ikauke, unachapa juu yake. Kichupa cha dawa kilitoka Mwanza na kilichukua miezi kufika. Kwa hiyo nilijizoeza kutokosea, na niseme kweli, nilikuwa na maringo. Wakaguzi walikuja wakasema shule ile ya porini ina stensili safi kuliko mkoani.

Wakubwa wangu walikuwa wawili. Mkuu wa shule, Mwalimu Mbwana, alitoka Pangani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na hakuvumilia cha mwingine. Ukimsalimia vibaya alikusahihisha kwanza, ndipo akaitikia. Msaidizi wake, Mwalimu Matiko, alikuwa Mkurya wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alifundisha kilimo na kusimamia shamba la shule, maana enzi zile za elimu ya kujitegemea mwanafunzi alishika jembe asubuhi ndipo akashika kitabu. Nilimpenda sana Mwalimu Matiko. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Herufi L hakuwa nayo.

Ninyi wa huku mnajua. Kwetu Bukima, kando ya ziwa, tunazo zote mbili, L na R. Wakurya, Wazanaki, Waikizu, lugha zao za nyumbani zinatumia R tu, basi na Kiswahili chao kinakuja hivyo hivyo. Mwalimu Matiko akiniambia, "Dada Nyamisi, andika, wageni watarara bwaroni," mimi nachapa "watalala bwaloni". Mwezi wa kwanza nilikuwa namvunjia Mzee Faustini amri yake mara hamsini kwa siku, nikisikia hivi na kuandika vile.

Siku moja nikapitiliza. Mwalimu Matiko alinisomea tangazo: "Kesho saa saba mchana, kura bwaroni. Kira mwanafunzi ahudhurie." Nikachapa kula. Kesho yake wanafunzi wote wakaja na sahani na vijiko, wamepanga foleni, na ndani bwaloni hakuna chakula ila meza moja na sanduku la kuchagulia viranja. Kulitokea kelele ambayo sijaisikia tena. Mwalimu Mbwana akaniita. "Bi Nyamisi, neno la mtu halibadilishwi. Ukiwa na shaka, uliza. Ukiwa huna shaka, andika kama lilivyosemwa." Nikatoka nimenywea. Kumbukeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyoniponza baadaye.

Sasa niwaeleze kufunga shule kwa enzi zile. Wiki nzima ilikuwa na harufu yake: magodoro yameanikwa juani, dawa ya kupigia sakafu, makande ya mwisho yanayochemka kwa maharage yenye wadudu. Siku ya kufunga wazazi walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, ngoma zikapigwa, ng'ombe wa shule akachinjwa kama yupo mzee wa kutosha kuchinjwa. Na kila mwanafunzi alipewa vitu viwili vya kupeleka nyumbani: ripoti yake ndani ya bahasha, na Habari za Kufunga Muhula.

Hizo Habari zilikuwa kurasa mbili nilizochapa mimi. Pamba ya shule imetoka vipi, nani kashinda mbio, choo kipya kimefika wapi, mwalimu gani kafiwa, waliomaliza wako wapi. Msicheke. Vijijini hakukuwa na gazeti. Katibu wa kijiji alizisoma mkutanoni kwa sauti, na wazee waliokuwa wanajifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima walizitumia kufanyia mazoezi. Karatasi yangu ilikuwa inasomwa kidole kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka inachanika. Ilikuwa na muhuri wa shule, na shule ni ya Serikali. Kilichoandikwa mle kilikuwa kimeandikwa.

Mwaka wa habari hii ni ule ambao watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Wiki ya kufunga muhula wa kwanza yalitufikia majina ya waliokuwa Kidato cha Nne mwaka uliopita, waliochaguliwa kwenda vyuoni. Msichana alikuwa mmoja tu: Wegesa, binti wa Mzee Wambura, kutoka kijiji cha upande wa Butiama. Wegesa alikuwa kiranja wangu wa kubeba karatasi, msichana mwenye mwandiko mzuri na kicheko cha kuzuia kwa kiganja. Alipata nafasi chuo cha ualimu, mbali, safari ya siku mbili.

Mwalimu Matiko alinisomea habari amesimama mlangoni, huku anahesabisha majembe. Mimi nachapa stensili ya pili, utepe umeondolewa, sioni kitu, na dawa ya kusahihishia imekwisha tangu wiki iliyopita. Kichwa cha habari, "Waliochaguliwa Chuo cha Ualimu", kilikuwa tayari chini kabisa ya ukurasa wa kwanza. Majina yakaangukia juu ya ukurasa wa pili. Akasema: "Wegesa binti Wambura amepata mahari. Ataondoka mwezi ujao. Shure inawapongeza wazazi wake."

Shaka sikuwa nayo, nikaandika kama lilivyosemwa.

Kosa nililigundua shule imeshafungwa. Nafagia ofisi, nakuta nakala moja sakafuni, ukurasa wa pili, nasoma: amepata mahari. Nilikaa juu ya gunia la mbegu. Lakini nikajifariji kwamba kule kijijini wao husema hivyo hivyo kila siku, mahali ni mahari, mahari ni mahari, na mtu anajua kupambanua kwa maana. Nilisahau kitu kimoja. Sauti unaisamehe, ila maandishi yenye muhuri huwezi.

Siku ya nne Wegesa akaja. Alikuwa ametembea toka alfajiri, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakunisalimia.

"Dada Nyamisi, umeniozesha kwa nani?"

Akanieleza, na nitaeleza kama alivyonieleza. Baba yake alikuwa amekubali maneno ya wazee wa Ikizu waliokuja kumposa Wegesa kwa ajili ya kijana wao. Ng'ombe walikuwa hawajaja, ila pombe ilikuwa imenywewa na neno limetolewa. Barua ya chuo ilipokuja baba hakusema ndiyo wala hapana, akaiweka juu ya boriti. Ndipo ukurasa wangu ukafika Ikizu. Ukurasa wa kwanza mtu alishausokotea tumbaku, kwa hiyo wa pili ulifika peke yake. Mkwe wao mmoja, mwalimu wa shule ya msingi Bunda, akawasomea: Wegesa binti Wambura amepata mahari, ataondoka mwezi ujao, wazazi wanapongezwa. Wazee wakaja juu. Mzee Wambura amepokea ng'ombe wa mtu mwingine, na Serikali inampongeza!

"Sasa baba anaitwa mwongo," Wegesa akasema. "Baba mdogo anasema karatasi ikiwa imekosea, basi neno ra zamani riko pare pare, Jumamosi hii hii wanichukue, jina ra nyumba risafike."

"Tutasahihisha," nikamwambia haraka. "Leo leo."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa kitu. "Dada, hujanisikia. Ukisahihisha, mimi ninaorewa. Usiposahihisha, baba anatengwa. Mimi sijui nikuombe nini."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, najua kupanga pambizo na kukata stensili. Nikamchemshia chai tukanywa bila sukari, na sote wawili tukalia.

Mwalimu Mbwana alipopata habari alikasirika kuliko siku ya sahani. Shule haidanganyi watu, akasema. Andika masahihisho, yapelekwe, yasomwe hadharani kule kule. Nilitaka kuongeza maelezo, kwamba ni nafasi ya chuo, kwamba binti asiozwe. Akakataa. "Masahihisho si hadithi, Bi Nyamisi. Yana umbo lake." Akaniamuru nichape mstari mmoja tu, wenye muhuri: Ukurasa wa pili, palipoandikwa 'mahari' pasomeke 'mahali'. Nikachapa na utepe, nikaangalia mara tatu. Herufi ya tano: L. Safi kabisa. Na nilijua mkononi nimebeba ndoa ya Wegesa.

Nilipanda lori la pamba mpaka Butiama, nikatembea kilichobaki. Mkutano ulikuwa umeitwa kwenye ghala la ushirika, watu wamekaa juu ya mizani na juu ya marobota ya pamba, wazee wa Ikizu mbele, fimbo zao magotini. Mkwe wao msomaji hakuwepo, alikuwa kazini. Mzee Wambura mwenyewe alikuja kunipokea mlangoni. Mtu mfupi, mwenye kovu kidevuni, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye meli za ziwani. Nilitegemea anitukane. Akavuta gunia tupu akalikung'uta. "Karibu, binti. Kaa hapa, mahali hapa pana upepo." Nikakaa.

Katibu wa kijiji akasimama, Mzanaki wa watu, mwenye kaunda suti na miwani iliyofungwa uzi. Akafungua karatasi yangu. Akakohoa. Akasoma kwa sauti ya Serikali:

"Masahihisho. Ukurasa wa piri. Paripoandikwa mahari, pasomeke mahari."

Katibu akageuza karatasi kuangalia nyuma kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Soma tena," mzee mmoja wa Ikizu akasema.

Akasoma tena, polepole, akionyesha kila neno kwa kidole. "Paripoandikwa mahari. Pasomeke. Mahari."

Mimi nikasimama. Miguu yangu ilisimama yenyewe, kwa maringo yale ya stensili safi. Nilikuwa nakwenda kusema, jamani, ni L, ulimi unagusa juu, L! Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Upande wa wanawake nikamwona Wegesa, kiganja mdomoni, macho yamemtoka akinitazama. Nikaelewa kwamba nikitamka herufi moja pale, nitakuwa karani mzuri na yeye ataolewa Jumamosi.

Nikafunga mdomo. Nikakaa.

Mzee Wambura ndiye aliyesimama. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Mara ya kwanza wameandika mahari. Mmesema ni makosa. Imekuja karatasi ya kusahihisha, imesahihisha mahari kuwa mahari. Mimi nifanye nini?"

"Nani ametoa?" mzee wa Ikizu akauliza. "Tutajie mtu."

"Muhuri si mnauona? Serikari."

Watu wakacheka. "Serikari inaoaga?"

"Haioagi. Imemsomesha, imemrisha miaka minne, sasa imemwita ikamarizie kazi yake. Mimi sijara ng'ombe wa mtu. Kama kuna mtu hapa anataka kushindana na Serikari, mtoto yure pare, aende amchukue."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alichokuwa anakitaka yule mzee wa Ikizu ni kimoja tu, asirudi Ikizu akasema kijana wao ameshindwa na kijana mwingine. Akasimama, akampa mkono Mzee Wambura. "Na Serikari hatuna ugomvi," akasema. "Ingekuwa mtu, tungesikirizana." Pombe ikaletwa. Baba mdogo alibaki amenuna peke yake juu ya mizani.

Mzee Wambura alinisindikiza mpaka barabarani, mikono nyuma. Lori likaonekana. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Nyie watu wa ziwani mna maneno mawiri. Sisi moja rinatutosha."

Nilikuwa juu ya robota, lori linakata vumbi, ndipo nikashtuka. Kaa hapa, mahali hapa pana upepo. Alikuwa ameitamka L safi, ya melini, safi kama ya Mwalimu Mbwana. Yule mzee alikuwa nazo zote mbili. Nilicheka peke yangu mpaka taniboi wa lori akaniuliza kama naumwa.

Mwalimu Mbwana alinisubiri ofisini. "Masahihisho yamesomwa?"

"Yamesomwa, Mwalimu. Neno kwa neno. Mara mbili."

"Vizuri," akasema, akasaini faili. Mungu amrehemu, hakujua mpaka anahamishwa. Mwalimu Matiko nilimwambia. Alicheka akashika meza, kisha akafuta macho, akaniletea kuku.

Wegesa aliondoka mwezi ule ule, sanduku lake la bati lilikuwa langu.

Miaka mingine yote niliyokaa kwenye kile kiti sitaiandika kirefu. Taipureta ilipata umeme, mashine ya kudurufu ikapelekwa stoo, kompyuta ikaja na kunipigia mstari mwekundu chini ya maneno yangu kana kwamba ni mtoto. Nimefundisha makarani, nawe Rehema ukiwa wa mwisho. Na kila muhula, wakati wa kufunga shule, nilipofika kwenye habari za waliomaliza, nilichapa jina la kila msichana aliyepata nafasi kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi hiyo sikumwachia mtu.

Siku ya kuniaga ulikuwepo, Rehema, umekaa pembeni yangu unaandika kumbukumbu za sherehe. Mgeni wa heshima alikuwa mwalimu mkuu mstaafu mtarajiwa, mama wa makamo mwenye miwani. Alizungumza nusu saa, Kiswahili cha kitabuni, kila L mahali pake na kila R pake. Alitaja shule alizoongoza, wasichana waliopita mikononi mwake. Halafu akafunga karatasi yake, akanigeukia, akazuia kicheko kwa kiganja.

"Huyu mama," akasema, "ndiye aliyenitolea mahari."

Ukumbi ukanong'ona. Nikakuona umeinama sikioni pangu, kalamu juu ya karatasi, mpole kama kawaida yako. "Mama, nadhani amekosea. Alitaka kusema mahali. Nirekebishe?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na nilikuwa najivunia kazi yangu yote, tangu kitambaa cha Mzee Faustini. Nikakushika mkono.

"Andika unachosikia," nikakwambia.